Je, Wajua? Pugu Road na Nchi Iliyopungukiwa Watu

Je, wajua kwamba Barabara ya Nyerere, ile inayotoka mjini Dar es Salaam ikapita uwanja wa ndege hadi Gongo la Mboto, zamani iliitwa Pugu Road? Wazee wa Ilala na Temeke wanaiita hivyo mpaka leo. Jina jipya limepata mwenyewe hasa. Huko inakoelekea, kwenye vilima vya Pugu, Julius Nyerere alifundisha historia katika shule ya misheni ya Mtakatifu Fransisko baada ya kurudi na shahada yake kutoka Edinburgh. Darasa lilikuwa mlimani, mikutano ya siasa ilikuwa mjini, kilomita 20 hivi, na inasimuliwa kwamba mara nyingine aliukata mwendo huo kwa miguu. TANU, chama chake cha kudai uhuru, ikazaliwa Julai 7, 1954. Machi 1955 alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimbidi achague moja, chaki au siasa. Akaacha kazi, lakini jina la kazi halikumwacha. "Mwalimu" tunayemtaja leo kama cheo cha heshima alikuwa mwalimu kweli, na darasa lake la mwisho lilikuwa Pugu.

Hapo ndipo ninapoona tatizo lote la nchi changa ya Tanganyika. Wasomi walikuwa wa kuhesabu, na harakati za uhuru zikawatoa hata wale waliokuwa madarasani. Watu husema nchi mpya ilikosa fedha. Ni kweli, lakini kwanza ilikosa watu. Mwalimu alipenda kukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka Desemba 1961 waliacha wahandisi wawili na madaktari 12, na kwamba katika kila watu wazima 100, 85 hawakujua kusoma. Chuo kikuu kilikuwa kimefunguliwa Oktoba mwaka huohuo, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15, ndani ya jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba. Mlimani tunakokujua kilihamia mwaka 1964.

Je, wajua kwamba siku ya Uhuru noti zilizokuwa mifukoni zilikuwa na picha ya Malkia Elizabeth? Bendera ilishushwa, Malkia akabaki kwenye pesa. Noti zilizomwondoa, zenye picha ya jahazi ziwani, zilitoka mwaka 1964, nazo zilikuwa bado za bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki nzima. Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango Juni 14, 1966.

Na jeshi je? Kambi ya Lugalo, Kinondoni, enzi hizo ikiitwa Colito, ilikuwa na askari Waafrika na makamanda Waingereza, miaka miwili baada ya Uhuru. Mapema Januari 1964 Nyerere alitangaza kwamba ajira ya serikali haitatazama tena rangi ya raia. Naamini alikuwa na haki. Lakini askari aliyekuwa akisubiri nafasi ya yule Mzungu aliyasikia maneno hayo kama mlango unaofungwa. Tena Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa yametokea Januari 12, na kikosi cha polisi kilikuwa kimevushwa kwenda huko. Usiku wa kuamkia Januari 20 askari wa Colito wakawafungia maofisa wao, wakaingia mjini, wakaizingira Ikulu. Walidai mambo mawili, mshahara na makamanda Waafrika. Nyerere na makamu wake, Rashidi Kawawa, walifichwa ng'ambo ya Kigamboni. Januari 25 serikali ikalazimika kuwaita Waingereza walewale, nao wakashuka kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur na kumaliza maasi kwa saa chache. Sidhani kama kuna siku iliyomuuma Mwalimu kuliko ile. Kikosi kutoka Nigeria kikaja kulinda nchi isiyokuwa na jeshi, na Septemba 1964 likaundwa jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ).

Na fedha je? Mwaka huohuo wa 1964 mashamba ya mkonge yalitoa tani kama 230,000, na Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na mapato ya mkonge yakaporomoka nayo.

Je, wajua kwamba rais aliwahi kujikata mshahara mbele ya wanafunzi? Oktoba 22, 1966 vijana wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, ambalo lingewakata sehemu kubwa ya mshahara wao wa kwanza. Baadhi yao walisema afadhali wakati wa mkoloni. Mwalimu alikasirika. Akasema hata wao viongozi wanalipwa mno, akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20 palepale, kisha akawatimua vijana karibu 400, wakasafirishwa makwao chini ya ulinzi. Wengi walirudishwa masomoni mwaka uliofuata.