Sponji kwanza, mashine baadaye

Simamisha gari jeusi juani pale Mpanda mwezi wa Septemba, likiwa limetoka kuoshwa, kisha inama utazame boneti kwa pembeni. Mikwaruzo myembamba itakuwa imelizunguka jua kama utando wa buibui. Haikuletwa na ajali wala miiba, imeletwa na tambara. Vumbi jekundu la Katavi limejaa chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko rangi yoyote inayopulizwa kwenye bodi. Anayefuta gari kavukavu kwa kipande cha kanga kila asubuhi kabla ya kwenda kazini anapiga msasa bila kujijua.

Mikwaruzo hiyo ndiyo inayozaa biashara. Barabara ya Tabora imepata lami, magari madogo yameongezeka mjini, na vijana wanaoosha magari wanatamani huduma ya pili yenye faida kuliko ndoo na sabuni ya unga. Mashine za kupolishi zinauzwa Kariakoo na zinafika Mpanda kwa basi kama mzigo mwingine wowote. Anayetaka kununua huuliza wati ngapi, kampuni gani, inazunguka mara ngapi kwa dakika. Sponji anazikumbuka mwisho, kama zawadi ya ndani ya boksi, na polishi ananunua kopo lolote litakalokuwepo dukani.

Kwa maoni yangu mpangilio huo umepinduka. Mashine ni mota tu. Kinachoigusa rangi ni sponji, na kinachoila ni polishi iliyopakwa juu ya sponji hiyo. Mwenye mashine ya kawaida na sponji nzuri atamrudishia mteja gari lake salama. Mwenye mashine ya bei mbaya na sponji moja iliyochoka atamrudishia hasara.

Hesabu inaanzia kwenye unene. Rangi ya kiwandani ya gari la kisasa, ukijumlisha praima, rangi yenyewe na klia ya juu, kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150. Klia peke yake mara nyingi haizidi maikroni 50, wakati unywele mmoja wa kichwani ni kama maikroni 70. Kupolishi hakuuzibi mkwaruzo. Kunaishusha klia iliyouzunguka mpaka ilingane na kina chake, ndipo jicho likose pa kuuona. Kila ukipolishi, klia inapungua, na hairudi. Ikiisha, boneti na paa vinababuka mabaka meupe, na hapo kazi imeshakuwa ya fundi rangi.

Isitoshe, magari yetu hayaji mapya. IST, Passo, Noah na Probox zinashuka bandarini Dar es Salaam zikiwa zimekwisha kutumika miaka Japani, na hakuna anayejua zilipitishwa mashine mara ngapi kabla ya kupigwa picha za kuuzia. Kipo kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi kwenye bati, na mwenye biashara ya kudumu atakuja kukihitaji. Anayeanza bila hicho aichukulie kila klia kuwa ni nyembamba. Kuna pia magari, hasa Land Cruiser nyeupe za kazi, ambayo hayana klia kabisa: rangi ni moja toka chini hadi juu. Haya yanajitambulisha mapema. Ukisugua kwa polishi na kitambaa safi, kitambaa kinatoka na rangi ya gari. Si dalili ya kuharibu, ila punguza mkono.

Kuhusu mashine nitasema machache. Grinda ya kukatia vyuma si mashine ya polishi, hata ukiifunga sponji. Grinda ndogo inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi ya mzunguko mmoja inafanya kazi kati ya 600 na 3,000. Kwa kasi ya grinda, ukingo wa mlango unaungua kabla hujapata muda wa kunyanyua mkono. Hata ile ya mzunguko mmoja si ya mwanafunzi, kwa kuwa joto lake linakusanyika mahali pamoja. Ya kuanzia ni ile inayozunguka huku ikiyumba, ambayo ukiikandamiza kupita kiasi sponji inaacha kuzunguka badala ya kuunguza. Inakata polepole zaidi, na kwa mtu anayejifunza hiyo ni sifa. Hakikisha tu ni ya volti 230. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani au Marekani ni za umeme mdogo, na hapa zitaungua siku ya kwanza.

Sponji zina makundi matatu ya ukali: ya kukata, ya kati na ya kumalizia. Nje ya sponji kuna pedi ya manyoya ya kondoo, inayokata haraka na kuacha ukungu wake, na pedi ya maikrofaiba, ambayo nayo ni kali. Anayeanza asiyaguse manyoya. Yanampa furaha ya haraka, mikwaruzo inatoweka mbele ya macho yake, halafu jua linapogeuka yanaonekana mawimbi yaliyoachwa na pedi, na sasa anatakiwa kukata tena ili kuondoa alichokiweka mwenyewe.

Tatizo kubwa la sponji ni kwamba watu huzinunua kwa rangi. Mmoja aliambiwa njano ni laini, naye akamwambia mwenzake, na mwenzake akanunua njano ya kampuni nyingine. Kwa Rupes ya Italia, buluu ndiyo ya kukata, kijani ni ya kati, njano ni ya kumalizia. Kwa Lake Country ya Marekani, njano ni ya kukata kwa nguvu, chungwa inafuata, nyeupe ni ya kupolishi, nyeusi ni ya kumalizia. Njano ileile, kazi mbili zinazopingana. Na zile zisizo na jina zinazokuja seti nzima ndani ya mfuko mmoja hazifuati utaratibu wa yeyote. Dawa ni kuibonyeza kwa kidole gumba na kuilinganisha na nyingine: inayogoma na yenye matundu makubwa inakata, inayobonyea na kurudi taratibu ni ya kumalizia. Kisha uijaribu kwenye mlango wa gari lako, si la mteja.

Kipimo nacho kina mtego. Sponji hushikwa na bamba lenye vinato, na bamba liwe dogo kidogo kuliko sponji. Bamba la inchi 5 na sponji ya inchi 5 na nusu vinakwenda vizuri. Bamba likitokeza nje, plastiki yake ndiyo itakayopolishi bampa. Uzi wa bamba nao lazima ukubali mashine yako, maana bamba la mashine ya mzunguko mmoja, ambalo mara nyingi ni la uzi wa M14, haliingii kwenye inayoyumba. Ni jambo dogo, ila kurudisha bamba Kariakoo kutoka Mpanda ni nauli na wiki nzima imepotea.

Nunua nyingi. Sponji moja kwa gari zima ni ubahili unaogharimu: inajaa polishi na vumbi la klia, inapata moto, gundi inaachia katikati, na ukali wake unabadilika ukiwa bado upande wa dereva. Kwa gari dogo ningeanza na za kati nne na za kumalizia mbili. Ukimaliza kila sehemu, boneti kwa mfano, sugua sponji kwa brashi ngumu au ipulize kwa kompresa. Jioni zioshwe kwa sabuni ya maji na zianikwe kivulini. Sponji ikidondoka chini, usiirudishe kwenye gari kabla hujaiosha. Hapa chini kuna mchanga.

Sasa polishi. Mafundi seremala wa Mpanda wanaoupa mninga mng'ao wanaijua kazi hii kuliko wanavyodhani. Meguiar's, mojawapo ya majina makubwa ya polishi za magari duniani, ilianza mwaka 1901 Marekani ikitengeneza polishi ya samani. Ndani ya chupa yoyote ya kweli mna chembe za kukatia zilizoelea kwenye kimiminika. Chembe kali ndiyo kompaundi, chembe ndogo ndiyo polishi ya kumalizia. Namba za chupa nazo zisome kwa makini: kwa Menzerna ya Ujerumani, 400 ni kali na 3800 ni ya kumalizia, kwa hiyo aliyezoea kwamba kubwa ndiyo yenye nguvu atabeba kinyume. Kompaundi nzito ya kopo inayouzwa na rangi ilikusudiwa kufuta alama za msasa wa maji kwenye gari lililopulizwa upya. Mwanafunzi hana sababu ya kuanza nayo.

Halafu kuna chupa zinazodanganya. Zimejaa mafuta na vijazio, zinafunika mikwaruzo bila kuikata, gari linang'aa, mteja analipa, na baada ya kuoshwa mara mbili yote yanarudi. Ili usijidanganye, futa sehemu uliyoipolishi kwa spiriti iliyochanganywa na maji, ndipo utazame.

Kama ningekuwa na nafasi ya chupa moja tu, ningechukua ya ukali wa kati, ile inayokata kidogo na kumaliza vizuri. Wanaofundisha kazi hii ughaibuni wanapenda hatua mbili au tatu mpaka boneti iwe kioo. Wana gereji zilizofungwa na barabara safi. Gari la Mpanda likienda Karema na kurudi kiangazi, mikwaruzo midogo itarudi tu. Kumega maikroni nyingi za klia kutafuta ukamilifu utakaodumu mpaka safari ijayo ni kumtoza mteja mara mbili. Hatua moja ya wastani, inayoondoa sehemu kubwa ya mikwaruzo na kuacha ile ya ndani, inamtosha, na inabakiza klia kwa ajili ya mwaka mwingine.

Kazi yenyewe ianze kwa kuosha vizuri, kisha kubandika tepu ya karatasi kwenye kingo na plastiki nyeusi, kwa kuwa kingoni rangi ni nyembamba na plastiki ikinyonya polishi inabaki na weupe. Kivuli cha mwembe kinapendeza, lakini mwembe una utomvu na ndege. Turubai ni bora, na sakafu inyunyiziwe maji vumbi litulie. Bati liwe la baridi. Chagua eneo la sentimita 40 kwa 40, matone manne ya polishi yenye ukubwa wa kunde, anza na sponji laini. Isipotosha, panda ya kati. Mchanganyiko uliokubali hapo ndio utakaotumia gari zima, na gari linalofuata unaanza upya, maana rangi hazifanani. Nyeusi ya Toyota yenye namba 202 inajulikana kwa ulaini wake. Inakwaruzwa hata na kitambaa cha kufutia polishi.

Yatakuja pia magari yanayoshinda Sitalike na ndani ya hifadhi, yaliyochorwa na matawi kutoka taa hadi taa. Pitisha ukucha juu ya mchoro kabla ya kutaja bei. Ukucha ukikwama, mwambie mwenye gari palepale kwamba huo haufutiki kwa sponji yoyote, na umtajie bei ya ile mingine.