Makutupora: Maji ya Dodoma Yanatoka Mvua Gani?

Ndugu zangu, nikisema ninasomea maji ya chini ya ardhi, wengi hapa Washington hudhani kuna mto mkubwa unapita huko chini. Hapana bwana. Chukueni mfano wa Makutupora, kaskazini ya Dodoma, penye visima virefu ambavyo kwa miongo mingi vimekuwa tegemeo la mji huo. Maji yamejibana kwenye nyufa za mwamba wa granaiti na katika mwamba uliolegea juu yake. Pampu inayatoa, swali ni nini kinayarudisha.

Dodoma hupata kama milimita 550 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mvua ya kawaida haifiki chini: jua linaichukua, na inayobaki inanywewa na miti na nyasi. Kina cha maji Makutupora kimepimwa tangu miaka ya 1950, na mwaka 2013 watafiti walichapisha rekodi ya miaka 55. Maji hushuka pole pole miaka nenda rudi, halafu hupanda ghafla katika misimu michache ya mvua kubwa mno, makorongo yakijaa. Msimu uliorudisha maji mengi kuliko yote ni wa El Niño ya 1997-98, ile ile wazazi wetu waliyoilaani kwa kubomoa barabara!

Kwa hiyo ukimpa mhandisi wastani wa mvua tu, hujamsaidia sana. Anataka kujua mvua kubwa ya mwisho ilikuwa lini, na tangu hapo tumeshavuta maji kiasi gani. Hesabu hiyo haisubiri tena: serikali ilianza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na sensa ya 2022 ilikuta jijini watu zaidi ya 760,000, kutoka 411,000 hivi mwaka 2012.

Mtaniuliza, si NASA wana setilaiti? Wanazo. Hapo Goddard, Greenbelt, wataalamu hutumia setilaiti mbili za GRACE-FO, zilizorushwa 2018, kukadiria maji ya ardhini kwa mabadiliko ya mvutano wa dunia. Lakini zinaona eneo la mamia ya kilomita. Kwao Makutupora ni nukta tu. Ndiyo maana Shirika la Jiolojia la Marekani, lenye makao yake Reston, Virginia, bado linapima kisima kimoja kimoja, na vipimo vyake anasoma yeyote. Makutupora nako panahitajika visima vya kupimia tu, visivyofungwa pampu, na mtu anayelipwa kuteremsha kamba kila mwezi, hata mwaka ambao mabomba yote yanatoa maji.