Usiiwashe Kwanza

Kompyuta iliyokaa stoo ya shule miaka mingi ikifika mezani, mwenyewe husema, “Hebu iwashe tuone, fundi.” Mashine nyingi ambazo zingepona huharibikia hapo.

Huku Bokoli, magharibi mwa Kenya, na kupanda hadi Kitale, utakazokuta zaidi ni zile za Pentium III na Pentium 4 zilizokuja zikiwa zimeshatumika ng'ambo. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, ni miongoni mwa waliozisambaza shuleni.

Anza na pawasaplai, ikiwa imechomolewa kwenye bodi. Usiifungue ovyo: kapasita zake kubwa zaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata plagi ikiwa imetolewa. Iunganishe na diski ya zamani isiyo na thamani ili iwe na mzigo, shikanisha waya wa kijani na mweusi, kisha upime. Waya mwekundu usomeke kati ya volti 4.75 na 5.25, wa manjano ukaribie 12. Wenye Commodore 64 ya mwaka 1982 wanalijua hili kwa uchungu, maana pawasaplai yake ikizeeka hupandisha volti na kuunguza chipu za kumbukumbu.

Sasa tazama bodi. Zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 hivi nyingi zilipata kapasita zenye kemikali mbovu. Angalia kando ya prosesa: kapasita nzima ina kichwa bapa, mbovu imefura, pengine inavuja uchafu wa kahawia. Mashine ya namna hii huwaka leo ikagoma kesho, na watu huilaumu Windows, wakaiweka upya mara tatu bure. Badilisha zilizooza kwa zenye mikrofaradi zilezile, na volti zilezile au zaidi. Ziwe za bodi za kompyuta; za redio hazidumu hapo.

Ila usichomoe kisichopimwa, wala usifute alama za historia ya mashine. Jumba la makumbusho la Kitale lilitokana na mkusanyo wa Stoneham, mkusanyaji wa wadudu na viumbe wengine aliyefungua makumbusho yake mwaka 1926, na kwenye mikusanyo ya aina hiyo mdudu asiye na lebo ya mahali na tarehe hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Namba ya stoo iliyoandikwa kwa rangi, stika ya mfadhili, hata jina lililochorwa na mwanafunzi ubavuni, viache. Piga picha kabla ya kugusa waya. Kifaa ulichotoa kitie kwenye bahasha, andika tarehe na sababu, bahasha ikae na mashine. Diski ngumu inakiliwe kabla ya jaribio lolote, na nakala apewe mwenyewe, kwa kuwa mara nyingi mna majina na alama za wanafunzi.

Plastiki iliyogeuka manjano? Wapo wanaoipaka dawa ya peroksaidi ikang'aa, na mara nyingi umanjano hurudi. Mimi huifuta vumbi tu.