Kwa Nini Tusifuge Mbuta?



Katika mikutano yetu hapa Namboboto swali moja halikosi: "Mbuta ana bei kuliko ngege. Mbona mnatuambia tufuge ngege tu?" Swali ni zuri, maana pesa ya kikundi ikishaingia bwawani si rahisi kuitoa. Basi tujibu.

Kwanza ni chakula. Ngege anakula mwani, wadudu wadogo na hata pumba. Mbuta akikua anakula samaki wenzake. Ili aongeze kilo moja ya mwili, lazima ale kilo kadhaa za samaki. Ni nani kati yetu atanunua omena kila siku amtupie mbuta, na watoto nyumbani wanakula mboga tupu? Tena akikosa, mkubwa anammeza mdogo. Mnaweka mia, mnavua wachache.

Pili ni hewa. Mbuta anataka maji yenye hewa nyingi. Maji ya bwawa yaliyotulia hupungukiwa hewa alfajiri. Ngege anavumilia, na mumi anapanda juu kuvuta pumzi. Mbuta hawezi. Wavuvi wa Sio Port wanajua: akitolewa majini hakawii kufa.

Tatu ni uzazi. Ngege jike hubeba mayai mdomoni, na vifaranga hukimbilia humo wakiona hatari. Kwa hiyo huzaa hata bwawani. Mbuta humwaga mayai mengi mno, madogo, katika maji mapana, kisha anaenda zake. Kifaranga wake huanza kwa kula vijidudu hai vya majini. Akivikosa siku za mwanzo, amekwisha. Na kuchota vifaranga ziwani ni kula mbegu ya kesho.

Tusione aibu, hata wataalamu wamehangaika. Jodari wa bahari kuu huogelea mchana na usiku ili apate hewa, na vifaranga wake hulana. Huko Japani, Chuo Kikuu cha Kinki kilianza kazi ya kumfuga mwaka 1970. Mwaka 2002 ndipo jodari waliozaliwa kizuizini walipozaa wenyewe. Miaka 32! Je, chama chetu kitangoja?

Mbuta aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 akashamiri, kwa sababu alikuta maji makuu na samaki wengi wa kula. Bwawa la mita mraba 300, kama yale yaliyochimbwa kwa mpango wa serikali wa 2009, halina vitu hivyo.

Basi tuanze na ngege au mumi. Kabla ya kununua vifaranga, muulizeni afisa wa uvuvi, au mfike kituo cha Wakhungu.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Samaki wetu atakula nini, na chakula hicho kitatoka wapi?
2. Maji yetu yanatosha kiangazi?
3. Vifaranga wakifa, tuna akiba ya kuanza tena?