Kompyuta Ipi Inaifaa Nyumba Yetu?

Wapendwa wanafunzi na wazazi, swali hili husikika kila mwaka: "Mtoto anataka kompyuta, tununue ipi?" Si swali dogo, kwani fedha yenyewe huwa ya kudunduliza. Kabla ya kwenda Kariakoo, tujiulize kwanza: nani ataitumia, wapi, na kwa kazi gani?

Kompyuta ya mezani

Hii ina skrini, kibodi, kipanya na kasha lake, kila kimoja mbali. Kwa kawaida, kwa bei ileile hukupa nguvu zaidi, na kikiharibika kitu kimoja hubadilishwa hicho tu. Ikikaa sebuleni, watoto wote huitumia kwa zamu na mzazi huona kinachofanyika. Hasara yake ni kwamba umeme ukikatika huzima palepale, na kazi isiyohifadhiwa hupotea. Dawa yake ni UPS, kifaa chenye betri kinachokupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri.

Kompyuta mpakato

Hii hukunjwa na kubebwa, na ina betri yake. Inamfaa mwanafunzi wa chuo anayepanda daladala kila siku kutoka Mbagala au Tegeta. Hula umeme kidogo pia. Tuseme ya mezani inatumia wati 120 na mpakato wati 40, zote kwa saa nne kwa siku. Kwa siku 30, ya mezani itamaliza uniti 14 na ushei za LUKU, na mpakato karibu uniti 5. Lakini mpakato huanguka, huibiwa, betri yake huchakaa, na kioo kikivunjika matengenezo ni ghali.

Mpya au ya mtumba?

Wengi wetu hununua za mtumba, na si vibaya. Ila tuangalie umri wake. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine nyingi za zamani. Kwa mashine za Intel Core, soma namba yake: i5-6500 ni kizazi cha sita, haikubaliwi; i5-8500 ni cha nane, inakubaliwa. Aliye na mashine ya zamani anaweza kuweka Linux, ambayo ni ya bure. Tafuta pia RAM ya GB 8 na diski ya SSD, ambayo huiwasha kompyuta haraka zaidi. Usilipe kabla ya kuiwasha, kubonyeza kila kitufe cha kibodi, na kuichomoa kwenye umeme uone betri inadumu muda gani. Rahisi ni ghali.

Tukumbuke pia hukumu za biashara tulizosoma. Muuzaji anayejua aibu ya bidhaa hana ruhusa ya kuificha, na mnunuzi akiigundua ana khiyari ya kuirudisha. Basi uliza waziwazi, na udai risiti. Na kompyuta unayojua ni ya wizi usiinunue, hata iwe ya bei ya bure.

Kwa ufupi, nyumba yenye watoto wengi na meza moja itafaidika zaidi na ya mezani. Anayesoma mbali na nyumbani anahitaji mpakato. Mdogo wangu, usidai ya kukunja kwa sababu tu rafiki yako anayo. Wabillahi tawfiq.