Meiosisi na Ugumba wa Baghala Dume: Zaidi ya Hoja ya Idadi ya Kromosomu

Baghala ni chotara wa punda dume na farasi jike. Huitwa pia nyumbu, lakini kwa kuwa jina hilo hutumika vilevile kwa mnyama wa porini, makala haya yanatumia neno baghala. Baghala dume ana korodani, hutoa homoni ya testosteroni na huwa na hamu ya kupanda, ndiyo maana wafugaji humhasi. Hata hivyo, hazalishi. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba kromosomu zake 63 hazigawanyiki kwa mbili. Makala haya yanaonesha kwamba maelezo hayo hayatoshelezi, na kwamba jibu limo katika hatua moja ya meiosisi: kushikamana kwa kromosomu wenza.

Katika farasi dume, mbegu hutengenezwa ndani ya mirija myembamba ya korodani. Spematogonia, ambazo ni seli za mwanzo, huongezeka kwa mitosisi na kubaki na kromosomu 64. Baadhi huwa akiba. Nyingine hukua na kuwa spematosaiti za msingi. Hapo kila kromosomu hujinakili na kuwa na kromatidi mbili. Katika mgawanyiko wa kwanza wa meiosisi, kromosomu iliyotoka kwa baba hushikamana na mwenza wake aliyetoka kwa mama, nazo hubadilishana vipande. Kromosomu X na Y hushikamana kwenye sehemu fupi tu ya ncha. Wenza wanapotengana, hupatikana seli mbili zenye kromosomu 32 kila moja. Mgawanyiko wa pili hutenganisha kromatidi, zikapatikana spematidi nne. Hizi hazigawanyiki tena, bali hubadilika umbo: kiini hushikana, kofia yenye vimeng'enya hujengeka kichwani na mkia huota. Mchakato huu huchukua takriban siku 57, kisha mbegu hukomaa katika epididimisi.

Kushikamana huko ndiko kizingiti cha mchakato mzima. Spematosaiti ambayo kromosomu zake hazikupata wenza ipasavyo husimamishwa, na kwa kawaida hufa kabla ya kufikia mgawanyiko wa pili.

Mwaka 1962, Trujillo na wenzake walichapisha hesabu za kromosomu za wanyama hawa: farasi 64, punda 62 na baghala 63. Baghala hupokea kromosomu 32 kutoka kwa mama na 31 kutoka kwa baba. Kwa mtazamo wa haraka, tatizo ni ile moja iliyozidi. Hata hivyo, farasi wa Przewalski, mwenye asili ya nyika za Asia ya Kati, ana kromosomu 66. Akizalishwa na farasi wa kufugwa, chotara wao huwa na kromosomu 65, idadi ambayo pia haigawanyiki kwa mbili, lakini dume na jike wote huzaa. Sababu ni kwamba kromosomu moja ya farasi wa kufugwa inalingana na mbili za Przewalski. Zote tatu hushikamana pamoja na hutengana kwa mpangilio.

Hali ya baghala ni tofauti. Tangu koo za farasi na punda zilipoachana, kromosomu zao zimekatika, zimeungana na kugeuzwa mahali pengi. Hivyo, kromosomu nyingi za mama hazipati mwenza anayelingana nazo kwa urefu wote, na spematosaiti hukwama. Seli za Leydig, zinazotoa testosteroni, ziko nje ya mirija na hazipiti katika meiosisi. Kwa hiyo hamu ya dume hubaki ilhali mbegu hukosekana.

Inathibitika pia kwamba baghala jike wachache wamewahi kuzaa, ingawa nao wana kromosomu 63. Kwa hiyo, ugumba wa chotara hauwezi kuelezwa kwa kuhesabu kromosomu pekee. Swali la msingi kwa mtafiti ni kama kromosomu hizo, zinapokutana katika spematosaiti, zinaweza kutambuana.