Simu ikiingia maji usiichaji, na kitochi chako usikitupe

Jumamosi nilikuwa nafua huku nasikiliza redio kwenye simu. Nikainama kusuuza shuka, simu ikachomoka mfukoni, chubwi! Ikazama kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Niliitoa haraka na bado ilikuwa inawaka. Nikaifuta kwa kanga, nikaona chaji imebaki asilimia 9, nikaichomeka kwenye umeme. Dakika chache baadaye ikazima jumla.

Fundi alipoifungua akaniambia huenda maji peke yake yasingeiua. Kilichoimaliza ni kuichaji ikiwa imelowa.

Kwa nini chaji ni hatari?

Maji ya bomba yana chumvichumvi zinazopitisha umeme, na ya sabuni au ya bahari ndiyo zaidi. Yakiingia ndani ya simu, umeme hupita njia isiyo yake na kuunguza vifaa vidogo. Pia kutu huanza haraka. Ndiyo maana simu inaweza kuwaka leo, ikafa keshokutwa.

Ufanye nini simu ikilowa?

• Izime hapohapo. Kama betri inatoka, itoe.
• Toa laini na memori kadi, uvifute.
• Elekeza tundu la chaji chini, uigonge taratibu kwenye kiganja ili maji yatoke. Kisha iache mahali penye hewa.
• Usiianike juani wala kuipuliza kwa draya ya nywele. Joto kali huharibu betri na kulegeza gundi.
• Kama ni maji ya sabuni au ya bahari, mpelekee fundi siku hiyohiyo aisafishe. Maji yakikauka, uchafu wake unabaki ndani.

Vipi kuhusu mchele? Achana nao, upike ule. Vumbi na vipande vyake huingia kwenye matundu ya simu. Mwaka 2024 Apple wenyewe waliwaonya watumiaji wa iPhone wasiutumie.

Na ukiambiwa simu yako ni IP68, kumbuka ilipimwa ikiwa mpya, tena kwa maji safi. Mpira unaozuia maji huchakaa.

Nikarudi kwenye kitochi

Nilikifukua kitochi changu kwenye droo, nikakichaji, kikawaka. Laini yangu ndogo haikukaa kwenye tundu lake kubwa, nikanunua kile kifremu cha plastiki cha kuishikia. Nikapiga *150*00#, M-Pesa ikafunguka na salio langu lipo lote. Hela ziko kwenye akaunti yako kule kwa kampuni ya simu, hazikai ndani ya simu.

Majina hayakuwepo kwenye laini, ila yalikuwa kwenye akaunti yangu ya Google. Niliyaona kwenye kompyuta ya kazini, nikayaingiza moja moja. WhatsApp nayo iliendelea kwenye kompyuta hiyo, kwa sababu nilikuwa nimeshaiunganisha. Lakini usipoifungua kwenye simu kwa siku 14, kompyuta nayo inatolewa.

Picha ndizo zilizoniumiza. Video ya mwanangu akipiga hatua zake za kwanza ilikuwa kwenye simu ile tu, sikuwahi kuihifadhi kwingine. Fundi bado anajaribu kuifufua simu, ila hajaniahidi kitu.

Kwa hiyo leo kabla hujalala:

• Angalia majina yako yanahifadhiwa wapi: kwenye simu au kwenye akaunti ya Google.
• Washa bekapu ya picha na ya WhatsApp. Kama bando linabana, hamishia picha kwenye kompyuta au flashi.
• Hakikisha unakumbuka nywila ya imeili yako bila kuitegemea simu.
• Kitafute kitochi chako, ukichaji uone kama kinawaka.

Mimi niko nacho hadi mwisho wa mwezi. Kinapiga, kinapokea, kinatuma hela. Video ya mtoto ndiyo nasubiri simu ya fundi.